Vantilateri ya basi inapokufa: namna ya kubadilisha mota yake bila kuiunguza tena

Mvua ikishika Goma jioni, abiria wa taksi-basi wanafunga vioo vyote. Ndani ya dakika chache kioo cha mbele kinakuwa cheupe. Shofere anapangusa kwa kitambaa, konvuayeri anamsaidia upande wake, na kabla gari halijafika rompwe ya mbele, ukungu umerudi. Nje kuna mapikipiki bila taa, wenye kusukuma chukudu, na wanafunzi wanaokimbia mvua.

Katika Hiace nyingi za zamani, chanzo ni kile kile: vantilateri ya shofaji haipulizi tena. Ni kamota kadogo kaliko nyuma ya dashibodi, na wengi wanakaona kama starehe ya wazungu, juu hapa kwetu si Ulaya, hakuna teluji. Ndiyo maana kakifa, kanaachwa miaka. Kumbe kazi yake kubwa hapa si kupasha abiria joto. Kazi yake ni kumfanya shofere aone barabara.

Makala hii inaeleza namna ya kujua kama mota ndiyo imekufa kweli, namna ya kuitoa na kufunga nyingine, na zaidi ya yote, namna ya kutafuta kitu kilichoiua. Mota mpya ikifungwa bila kuondoa kile kitu, mara nyingi inaungua kama ya kwanza, na pesa zimekwenda bure.

Kwa nini Goma inaua vantilateri

Mji wa Goma uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kuelekea Kibumba kwenye barabara ya Rutshuru, au ukipita Sake kwenda milima ya Masisi, unakuta baridi na ukungu hata mchana. Mvua zinakuja kuanzia Septemba hadi Desemba, tena Machi hadi Mei. Katika miezi hiyo kioo cha gari kinakuwa baridi, na pumzi ya watu inakigusa na kugeuka kuwa maji.

Maji hayo si kidogo. Mtu mzima aliyekaa tu anatoa kwa pumzi na kwa ngozi gramu 40 hadi 50 za mvuke kwa saa. Basi lenye watu 15 linapata zaidi ya nusu litri kwa saa, na hapo hatujahesabu nguo zilizolowa na mizigo. Bila hewa inayosukumwa kwenye kioo, maji hayo yote yanatafuta mahali pa kutua.

Kiangazi kinakuja na adui mwingine: vumbi. Barabara nyingi za vitongoji vya Goma zimejazwa mawe ya volkano yaliyopondwa. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikafika upande wa Buhene. Mawe hayo ndiyo tunayajengea na kuyatembelea. Magari yakiyasaga, yanatoa vumbi jeusi lenye ncha kali, gumu kuliko vumbi la udongo. Hiace nyingi za zamani hazina filta ya hewa ya ndani, kwa hiyo vumbi linaingia moja kwa moja kwenye vantilateri na kufanya kazi kama msasa.

Basi vantilateri ya Goma inapigwa mara mbili: kiangazi inakula vumbi, masika inakunywa maji.

Ndani yake kuna nini

Ukiitoa, utaona sehemu mbili. Ya kwanza ni turbini, kile kipipa cha plastiki chenye mapezi mengi membamba pembeni. Ya pili ni mota yenyewe, kopo la chuma lenye mhimili unaotokeza na kuingia kwenye turbini.

Ndani ya kopo kuna vitu vitatu vinavyochakaa:

Makaa, ambayo mafundi wanaita sharbo. Ni vipande viwili au zaidi vya kaboni vinavyosukumwa na springi ndogo ili vipeleke umeme kwenye sehemu inayozunguka. Vinalika pole pole kama chaki ubaoni.

Kolekteri, ile pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande ambapo makaa yanasugua. Ikichafuka au ikichimbika, umeme unaruka cheche.

Bushi, yaani pete mbili zinazoshika mhimili juu na chini. Zikikauka au zikiliwa na vumbi, mhimili unacheza na mota inaanza kulia.

Nje ya mota, kwenye njia ile ile ya hewa, kuna kifaa kingine kidogo kinachoitwa rezistansi. Hiki ndicho kinafanya vantilateri iwe na mwendo wa 1, 2 na 3. Mwendo wa mwisho haupiti hapo. Unapata umeme wote. Rezistansi inapata moto sana, na inapozwa na hewa ile ile inayopulizwa na vantilateri. Hewa ikiziba, inaungua. Jambo hili ni la kukumbuka, tutalirudia.

Dalili na maana yake

Kabla ya kununua chochote, sikiliza na uangalie gari linasema nini.

Inapuliza kwenye mwendo wa mwisho tu, mingine imekufa. Mota ni nzima. Kilichoungua ni rezistansi, au waya wake. Hapa ndipo watu wengi wanatupa pesa, wananunua mota nzima kumbe kifaa kidogo tu kingetosha.

Haifanyi kazi kabisa, lakini ukipiga dashibodi ngumi inaamka. Makaa yamekwisha. Mshtuko unayasogeza yaguse kolekteri kwa muda. Imebakiza siku chache.

Inalia kama panya, hasa asubuhi, kisha inanyamaza ikipata moto. Bushi zimekauka.

Inatetemeka na kugonga. Kuna jani, karatasi au kipande cha mfuko ndani ya turbini, au pezi limevunjika.

Inazunguka lakini upepo ni kidogo. Turbini imejaa uchafu, njia imeziba, au mota inazunguka kinyume. Inawezekana pia makaa yanakaribia kwisha.

Inanuka waya ulioungua, au fizibu inakatika kila mara. Mota imekwama na inavuta umeme mwingi. Zima, usiiwashe tena mpaka uifungue.

Inatoa harufu tamu na kioo kinapata utelezi kama mafuta. Hii si vantilateri. Radieta ndogo ya shofaji inavuja, na maji yake yanaweza kudondokea mota. Tengeneza hiyo kwanza.

Pima kwanza, nunua baadaye

Vifaa vya kupimia si vingi. Taa ya gari ya wati 55, ile ya fari, ukiifunga waya mbili ndefu, inatosha kabisa. Tena ni nzuri kuliko taa ndogo ya LED, juu taa ndogo inawaka hata kama waya umeoza na unapitisha umeme kidogo tu. Taa kubwa haidanganyi.

Anza na fizibu. Itoe, iangalie kwenye mwanga. Rangi yake inasema nguvu yake: njano ni amperi 20, ile isiyo na rangi ni 25, kijani ni 30. Rudisha ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fizibu. Ukikuta pale kipande cha waya au karatasi ya sigara, umeshapata sehemu ya ugonjwa.

Kisha fungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, weka swichi kwenye mwendo wa mwisho, na uchomoe plagi ya mota. Gusisha waya mbili za taa kwenye vituo viwili vya plagi.

Taa ikiwaka kwa nguvu, umeme unafika. Mota ndiyo imekufa.

Taa isipowaka, au ikiwaka kwa unyonge, usinunue mota bado. Shikisha waya mmoja wa taa kwenye chuma safi cha gari, yaani masi, na waya wa pili uguse kituo kimoja kimoja cha plagi. Katika Toyota nyingi za zamani, umeme unafika kwenye mota kupitia rele, na swichi iko upande wa kurudi kwenye masi. Kwa hiyo taa ikiwaka kwenye kituo kimoja, umeme unafika lakini haupati njia ya kurudi: angalia swichi, rezistansi na waya wa masi. Taa isipowaka popote, rudi nyuma kwenye rele na waya inayotoka kwenye fizibu.

Jambo moja la kujua mapema: basi dogo kama Hiace kwa kawaida linatumia volti 12, lakini magari makubwa zaidi kama Coaster mengi yanatumia volti 24. Ukikuta batri mbili, pima kabla ya kununua. Mota ya volti 12 ikipewa 24 haidumu.

Kuitoa

Kazi hii haihitaji mashine. Bisibisi ya msalaba, ufunguo wa namba 8 na wa 10, taa ya kichwani au simu, na kopo la kuwekea visi zisipotee. Fundi aliyezoea anamaliza ndani ya saa moja. Anayejifunza ajipe nusu siku.

1. Zima gari, toa waya wa hasi kwenye batri. Kama volani ina maandishi SRS, gari lina mfuko wa hewa wa usalama: subiri angalau dakika mbili kabla ya kugusa waya za dashibodi.

2. Tafuta upande wa vantilateri. Mara nyingi iko mbele ya abiria, nyuma ya kisanduku cha kuwekea karatasi za gari. Kwa mabasi yaliyotoka Japani na volani yao ya kulia, maana yake ni upande wa kushoto.

3. Toa kisanduku hicho. Kinashikwa na visi chache au vibano viwili vya pembeni. Plastiki ya gari la miaka 25 imekauka na inapasuka. Usivute kwa hasira.

4. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Picha inasaidia wakati wa kurudisha, hasa kama kazi italala mpaka kesho.

5. Chomoa plagi. Bonyeza ulimi wake kwanza, usivute waya. Angalia kama plastiki imeyeyuka au vituo vimekuwa vyeusi.

6. Chomoa kamrija kadogo ka mpira kanakotoka kwenye mota kwenda kwenye sanduku la hewa, kama kapo. Kanaingiza hewa ya kupoza mota, na kasiporudi mota inaungua. Katika magari mengi hapa Goma kalishapotea zamani, na hakuna anayekumbuka kaliishia wapi.

7. Legeza visi, mara nyingi tatu, ukiwa umeshika mota kwa chini. Itashuka yenyewe, pamoja na turbini na vumbi la miaka mingi. Funika pua na mdomo, kisha tandika gunia chini.

Kutengeneza ile ya zamani au kufunga nyingine?

Zungusha turbini kwa kidole. Ikizunguka laini na kusimama pole pole, bushi ni nzima. Shika mhimili, utikise kushoto na kulia. Ukicheza sana, mota hiyo imemaliza safari. Kubadilisha makaa tu hakutaiponya.

Kama mhimili hauchezi na makaa ndiyo yamekwisha, inaweza kutengenezwa. Hapa ndipo mafundi wa Goma wana ujuzi wao. Wanachukua makaa ya demareri au ya alternata, wanayasugua kwenye jiwe mpaka yaingie nyumba yake, kisha wanalehemu waya. Inafanya kazi, lakini ni vizuri mwenye gari ajue anachonunua. Makaa ya demareri yana shaba nyingi, yamekusudiwa kufanya kazi sekunde chache tu, si saa nane kwa siku. Yanaweza kuikwangua kolekteri haraka. Yale ya alternata au ya mota nyingine ya vantilateri ni afadhali. Yote lazima yateleze huru ndani ya nyumba yake. Yakibana, springi haiwezi kuyasukuma yanapolika.

Kolekteri isafishwe kwa msasa laini sana wa karatasi, ikizungushwa, si kukwanguliwa kwa kisu. Baadaye pitisha sindano ya mbao kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba, kutoa unga wa kaboni. Unga huo unapitisha umeme na unaweza kuunganisha vipande.

Bushi zipewe tone moja au mawili ya mafuta mepesi, basi. Usiweke grisi, na usimimine. Mafuta yakifika kwenye kolekteri yanachanganyika na unga wa makaa na kuwa tope jeusi, na mota inakufa wiki ile ile.

Ukinunua ya okazyo

Mota mpya ni ngumu kupata kwa magari ya zamani, kwa hiyo wengi wananunua zilizotolewa kwenye magari mengine, huko Birere au kwa wenye kuuza pyesi za okazyo. Usiondoke na mota ambayo hujaiona ikizunguka. Muuzaji mwenye batri hatakataa. Angalia mambo haya:

Volti, zimeandikwa kwenye kopo.

Idadi ya visi na umbali kati yake. Beba ile ya zamani mkononi, zilinganishe mgongo kwa mgongo.

Unene na urefu wa mhimili, na namna turbini inavyoshikwa, kwa nati au kwa klipu.

Upande inaozunguka. Hili ndilo linalowadanganya watu. Mota iliyotoka kwenye gari la volani ya kushoto inaweza kuwa imetengenezwa kuzunguka kinyume na ya gari la volani ya kulia, juu sanduku la hewa limegeuzwa. Hapa Goma tuna magari ya aina zote mbili. Ukiifunga, inazunguka vizuri, kelele ipo, upepo hakuna. Mwambie muuzaji aiwashe, uchore mshale kwenye kopo, uulinganishe na ile ya zamani.

Sauti. Iache izunguke dakika tano, si sekunde tano. Ikianza kulia au kopo likipata moto mpaka huwezi kulishika, iache hapo hapo.

Kwenye gari zenye shofaji ya pili ya nyuma, ile ya chini ya kiti, kuna mota nyingine peke yake. Waambie ni ipi unatafuta, zisije zikabadilishwa.

Kabla ya kuifunga: tafuta kilichoiua

Fundi mwenye haraka anaruka sehemu hii, na gari linarudi garaji baada ya mwezi.

Ingiza mkono kwenye tundu ambapo mota ilikaa. Toa majani, manyoya ya panya, karatasi, tope. Kama kuna kompresa karibu, kwa wanaojaza upepo kwenye magurudumu, puliza ndani kutoka juu na kutoka chini. Usipulize uchafu kuelekea kwenye radieta ndogo ya shofaji; utakwama kwenye mapezi yake na upepo hautapita tena.

Angalia alama za maji. Kutu kwenye kopo au mstari wa tope ndani ya sanduku unasema maji yanaingia. Mara nyingi njia ya kutolea maji ya mvua, chini ya kioo cha mbele, imezibwa na majani. Mwaga kikombe cha maji hapo juu na utazame yanatokea wapi. Yakitokea ndani ya gari, umempata muuaji.

Osha turbini kwa maji na sabuni, iache ikauke kabisa. Turbini yenye tope upande mmoja inatetemeka kama gurudumu lisilosawazishwa, na kutetemeka ndiko kunakula bushi. Pezi likiwa limevunjika, tafuta turbini nyingine.

Toa rezistansi, iangalie. Springi zake ziwe nzima, zisiwe zimefunikwa na vumbi.

Mwisho, plagi. Kama imeyeyuka, ikate na ufunge nyingine yenye vituo vya shaba, na waya wa unene ule ule. Mota hii kwenye mwendo wa mwisho inaweza kuvuta amperi 15 hadi 20. Waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa skochi hazibebi umeme huo bila kupata moto.

Kuifunga na kuijaribu

Weka turbini kwenye mhimili kwa kina kile kile iliyokuwa nacho kwenye mota ya zamani. Ikikaa juu mno itasugua sanduku. Irudishe mahali pake pamoja na mpira au sponji yake, ili hewa na maji visipite pembeni. Kaza visi kwa zamu, kidogo kidogo, bila nguvu nyingi, ni plastiki. Zungusha kwa kidole kupitia tundu la hewa: isiguse popote. Rudisha kamrija ka kupoza. Kama kalipotea, kipande cha mrija wa mpira wa kipimo kile kile kinatosha.

Unganisha batri, washa mwendo wa kwanza. Kama makaa ni mapya, iache kwenye mwendo wa chini dakika 20 hivi ili yajikalie vizuri kwenye kolekteri. Halafu panda mwendo mmoja mmoja. Mwendo wa mwisho uache dakika kumi, kisha zima na uguse plagi na fizibu. Uvuguvugu si tatizo. Vikikuunguza, kuna muungano mbaya au mota inavuta kupita kiasi. Usilipe kazi bado.

Kuna fundi atakayekuambia: fizibu inakatika, weka waya tu, gari litembee. Kataa. Fizibu iko pale ili ikatike yenyewe kabla waya za ndani ya dashibodi hazijashika moto. Basi lililojaa watu lina mlango mmoja wa kutelezesha, na moto wa waya unaanza mahali ambapo hakuna anayeweza kufika kwa haraka.

Inapuliza, lakini ni baridi

Mara nyingi vantilateri mpya inapuliza vizuri na bado kioo kinachelewa kusafika. Sababu ya kwanza ni termosta. Mafundi wengi wanaitoa wakisema injini isichemke. Bila termosta, maji yanazunguka bila kusimama, injini haifikii joto lake, na shofaji haipati kitu cha kutoa. Injini nayo inakunywa mazuti zaidi. Kama gari linachemka, ugonjwa uko kwenye radieta, kwenye pampu ya maji au kwenye vantilateri kubwa ya mbele. Kutoa termosta ni kuuficha tu.

Sababu ya pili: mipira miwili ya maji ya shofaji ilikatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe siku ilipovuja. Fungua uangalie.

Sababu ya tatu iko kwenye mkono wa shofere. Kile kidude chenye picha ya gari na mshale unaopinda ndani, kikifungwa, hewa ya ndani inazungushwa ile ile pamoja na pumzi za watu wote. Wakati wa mvua, kiwekwe kwenye hewa ya nje, na mshale mwingine uelekezwe kwenye kioo. Hewa ya nje hata ikiwa na unyevu, ikishapashwa joto inapata nafasi ya kubeba mvuke zaidi, na ndiyo inaukausha ukungu. Kama klimatizasyo bado inafanya kazi, iwashe pamoja na joto: nayo inakamua maji kwenye hewa.

Mpaka siku itengenezwe

Gari ambalo vantilateri yake imekufa lisiingie barabara ya Kibumba au ya Masisi usiku wa mvua. Mjini, shofere afungue kioo chake na cha abiria wa mbele kwa upana wa vidole viwili, hata kama watu wananung'unika. Kusugua upande wa ndani wa kioo kwa sabuni kavu kidogo sana, kisha kukipangusa kwa kitambaa safi mpaka king'ae, kunachelewesha ukungu kwa muda. Kitambaa chenye mafuta kinafanya kinyume chake. Taa za magari yanayokuja zinageuka kuwa wingu.

Abiria pia ana haki ya kuongea. Ukimwona shofere anaendesha kupitia katundu alikokapangusa kwa kiganja, mwambie kwa heshima: papa shofere, simama kwanza usafishe kioo. Dakika mbili kando ya barabara hazimchelewesheshi mtu yeyote.

Kwa kifupi, kwa mwenye gari

Mwendo wa mwisho ukiwaka peke yake, ni rezistansi, si mota. Pima plagi kwa taa ya wati 55 kabla ya kununua. Linganisha volti, visi, mhimili na upande wa kuzunguka. Safisha sanduku, ziba maji, rudisha kamrija ka kupoza. Weka fizibu ya kweli. Na kila mwanzo wa Septemba, kabla mvua hazijarudi, toa kisanduku cha karatasi, shusha mota, ondoa vumbi la kiangazi, urudishe. Ni kazi ya saa moja, na bei yake ni sabuni tu.